Kurejesha utando wa kikaango

Kurejesha utando wa kikaango ni kukitengeneza upya chombo cha kupikia kilichochakaa ili chakula kisishike chini wakati wa kupika. Utando ni tabaka jembamba lililo kati ya metali ya chombo na chakula. Katika vikaango vya chuma utando huo hutokana na mafuta yaliyokauka kwa joto, na unaweza kujengwa upya nyumbani. Katika vikaango vya kisasa vya alumini utando hutengenezwa kiwandani kwa plastiki maalumu, na ukishatoka hauwezi kurudishwa jikoni.

Kabla ya kuanza kazi hii ni lazima kujua mambo mawili: utando ni wa aina gani, na chombo kimewahi kutumika kwa kazi gani. Jambo la pili lina uzito wa pekee katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki na mara nyingine huichoma katika vyombo vya kawaida vya jikoni. Chombo cha namna hiyo hakipaswi kurejeshwa kwa njia yoyote, kwa sababu joto linalojenga utando wa mafuta ndilo pia linaloitoa zebaki kuwa mvuke wenye sumu.

Vyombo vinavyotumika

Kikaango cha bapa chenye mkono hujulikana sana Tanzania kwa jina la frampeni. Hutumika kwa mayai, chipsi mayai na chapati. Karai ni chombo kipana chenye kina, kinachotumika kukaangia samaki, mandazi na viazi. Sufuria ni chombo cha kuchemshia na kusongea ugali. Karai na beseni hutumika pia nje ya jikoni: mafundi hubebea zege, na wachimbaji wadogo huoshea mchanga wa dhahabu. Kwa hiyo chombo kimoja kinaweza kupita mikono mingi na kazi nyingi kabla ya kufika kwa mpishi.

Kwa upande wa metali, vyombo hivi ni vya aina kuu nne: chuma cha kusubu, ambacho ni kizito na cheusi, bati nene la chuma, alumini tupu, na alumini iliyopakwa utando wa kiwandani. Vyombo vyenye enameli, yaani vilivyopakwa tabaka la kioo, na vile vya chuma kisichoshika kutu vipo pia, lakini havina utando wa kurejesha kwa maana ya makala hii.

Kwa nini chakula hushika

Uso wa metali unaoonekana laini kwa macho una mikwaruzo na mashimo madogo sana. Chakula kibichi chenye protini, kama yai au samaki, kinapogusa metali yenye moto, protini hubadilika umbo na kujifunga kwenye uso huo. Wanga hufanya vilevile unapokauka, na ndio unaoacha ukoko chini ya sufuria ya ugali. Mafuta ya kukaangia hupunguza tatizo kwa kujaza mashimo na kutenganisha chakula na metali, lakini husogea na kuisha wakati wa kupika. Utando wa kudumu hufanya kazi hiyohiyo bila kusogea.

Wazo hili ni la kale kuliko vikaango vya metali. Katika sehemu nyingi za Afrika chungu kipya cha udongo huchemshiwa uji au maji yenye wanga kabla ya kutumika, ili wanga uzibe vinyweleo vya udongo na chungu kisivuje.

Utando wa kiwandani

Utando mweusi wa vikaango vya alumini kwa kawaida ni politetrafluoroethilini, kwa kifupi PTFE, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Teflon. Iligunduliwa kwa bahati tarehe 6 Aprili 1938 na mwanakemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont nchini Marekani. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni iliyozungukwa na florini. Muungano wa kaboni na florini ni imara kiasi kwamba karibu hakuna kitu kinachoshikamana nao. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire alifaulu kuishikiza PTFE juu ya alumini, na mwaka 1956 kampuni ya Tefal ilianzishwa kuuza vikaango hivyo.

Kwa kuwa PTFE haishikamani na kitu, kuishikiza kwenye kikaango chenyewe ni kazi ngumu. Kiwandani uso wa alumini hukwaruzwa kwanza kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu au kwa asidi. Kisha hupakwa tabaka la msingi, halafu tabaka moja au zaidi la PTFE, na mwishoni chombo huokwa katika tanuri lenye joto la takriban 400°C ili chembe za plastiki ziyeyuke na kuungana. Hatua hizi haziwezi kufanyika juu ya jiko la mkaa. Ndiyo sababu dawa za kupulizia, kuchemsha maziwa ndani ya kikaango au kukipaka mafuta ya nazi haviurudishi utando huo. Njia hizo huacha mafuta au tabaka dhaifu linalosaidia kwa siku chache tu.

Vikaango vyenye utando unaoitwa wa kauri, mara nyingi wa rangi nyeupe au kijivu, vina tabaka la silika lisilo na PTFE. Utando huo nao huokwa kiwandani, na kwa kawaida huacha kufanya kazi mapema kuliko PTFE. Hauna njia ya kurejeshwa nyumbani.

Joto na moshi

PTFE ni salama katika joto la kawaida la kupikia. Inashauriwa isipite 260°C. Huyeyuka kwenye 327°C, na kadiri joto linavyozidi kupanda huvunjika na kutoa gesi zinazowasha mapafu. Anayevuta moshi huo anaweza kupata homa, baridi, kikohozi na kubanwa kifua saa chache baadaye. Ndege wanaofugwa ndani ya nyumba hufa upesi kwa moshi huo kwa sababu mapafu yao ni mepesi kudhurika.

Jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza moto, na makaa mekundu hupita 600°C. Frampeni tupu iliyowekwa juu yake ikisubiri yai au unga inaweza kupita kiwango cha usalama kwa dakika chache. Hatari huwa kubwa zaidi pale mtu anapokusudia kuuchoma utando uliochakaa ili ubanduke wote. Jambo hilo halifai kufanywa kabisa, hata nje ya nyumba.

Vipande vya utando vinavyobanduka na kumezwa pamoja na chakula havimeng'enywi na mwili. Hupita na kutoka. Suala lililozua mjadala mkubwa ni kemikali nyingine, PFOA, iliyotumika viwandani wakati wa kutengeneza PTFE. Mwaka 2019 PFOA iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm unaodhibiti kemikali zinazodumu katika mazingira, na mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Athari zake zimeonekana zaidi kwa wafanyakazi wa viwanda na watu waliokunywa maji yaliyochafuliwa karibu na viwanda hivyo.

Kinachoweza kurudishwa

Si kila frampeni inayoshika chakula imepoteza utando. Mara nyingi utando upo, lakini umefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta yaliyoungua, yenye rangi ya kahawia na kunata kidogo. Ngozi hiyo inaweza kuondolewa. Maji yenye kijiko kimoja au viwili vya magadi soda huchemshwa ndani ya frampeni kwa dakika kumi hivi, yanaachwa yapoe, kisha chombo husuguliwa kwa dodoki au kitambaa laini. Stilwaya, mchanga na majivu havitumiki, kwa kuwa hukwaruza utando.

Baada ya kusafisha, frampeni hupakwa mafuta kidogo na kujaribiwa kwa yai moja juu ya moto mdogo. Yai likiteleza, tatizo lilikuwa uchafu. Yai likishika, na alumini nyeupe ikaonekana chini, utando umekwisha na chombo hakirejesheki.

Utando wa mafuta

Vikaango vya chuma ndivyo vinavyoweza kurejeshwa kweli. Mafuta ya mimea yana asidi za mafuta ambazo baadhi ya viungo vyake vya kaboni havijajaa. Yakipakwa membamba juu ya chuma na kupashwa moto wa takriban 200°C hadi 260°C, viungo hivyo hukutana na oksijeni ya hewa na kuungana kuwa mtandao mgumu. Mafuta huacha kuwa mafuta na kuwa tabaka kavu jeusi lililoshika chuma, mfano wa rangi ya mafuta inavyokauka juu ya mbao.

Kwa sababu hiyo aina ya mafuta ina maana. Mafuta yenye viungo vingi visivyojaa hukauka vizuri. Mafuta ya alizeti ni mazuri kwa kazi hii. Mafuta ya mbegu za pamba, zao ambalo kwa miaka mingi limekuwa nguzo ya wakulima wa Shinyanga na mikoa jirani, yanafaa pia yakiwa yamesafishwa kiwandani. Mawese na mafuta mengine ya michikichi, pamoja na mafuta ya nazi na samli, yana viungo vichache visivyojaa. Hukauka kwa shida na mara nyingi huacha tabaka linalonata.

Hatua za kujenga utando wa mafuta ni hizi:

1. Kikaango husuguliwa kwa stilwaya au mchanga laini hadi kutu na mabaka yanayobanduka yatoke. Utando mzima wa zamani ulioshika vizuri si lazima uondolewe.
2. Huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hufutwa na kuwekwa juu ya moto mdogo hadi kikauke kabisa. Chuma kitupu huanza kupata kutu kwa muda mfupi kikiachwa na maji.
3. Kikiwa bado na uvuguvugu hupakwa mafuta pande zote, ndani na nje.
4. Mafuta hufutwa kwa kitambaa kikavu kana kwamba yalipakwa kwa makosa. Kinachobaki ni mng'ao tu. Hii ndiyo hatua inayoharibiwa mara nyingi zaidi: mafuta yakiwa mengi hayakauki, bali huwa matone yanayonata.
5. Kikaango hugeuzwa kifudifudi juu ya makaa machache yaliyotawanywa sawasawa, na kuachwa kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, mpaka moshi ukome. Kazi hii hufanyika nje au mahali penye hewa nyingi, mbali na watoto.
6. Kikipoa, hatua ya kupaka, kufuta na kupasha hurudiwa mara tatu hadi sita. Rangi hubadilika kutoka kahawia hadi nyeusi.

Kila mara kikaango kinapotumika kwa kukaangia, utando huongezeka. Huharibiwa na vyakula vyenye asidi vikichemshwa kwa muda mrefu, kama nyanya, ukwaju na ndimu, na pia kwa kulowekwa usiku kucha. Kuoshwa kwa sabuni kidogo hakuuondoi, mradi chombo kikaushwe mara moja na kupakwa mafuta membamba.

Vyombo vya alumini tupu

Alumini tupu inaweza kupakwa mafuta kwa njia hiyohiyo, lakini utando wake hushika hafifu kuliko juu ya chuma na hutoka mapema. Njia ya kawaida ya kupunguza kushika ni kupasha chombo kwanza, kisha kuweka mafuta, kisha chakula.

Sufuria nyingi za alumini zinazouzwa Afrika hutengenezwa na mafundi wanaoyeyusha chuma chakavu cha aina mbalimbali na kusubu katika mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo nchini Kamerun ulionyesha kuwa baadhi yake hutoa risasi inayoingia katika chakula, hasa chakula chenye asidi. Kuzisugua kwa nguvu kila siku hadi zing'ae huondoa tabaka la oksidi linalozikinga, kwa hiyo weusi wa ndani ya sufuria ya alumini si lazima uondolewe.

Vyombo vilivyotumika kwa zebaki

Ukanda wa dhahabu wa kusini mwa Ziwa Viktoria unapita katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, na Kahama na Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Pamoja na migodi mikubwa ya kampuni, kama Geita na Bulyanhulu, kuna wachimbaji wadogo wengi wanaosaga mawe kwa karasha na kuosha unga wake kwenye mialo. Katika hatua ya mwisho zebaki huchanganywa na mchanga uliooshwa, mara nyingi kwa mikono ndani ya karai au beseni. Zebaki huikamata dhahabu na kuwa mchanganyiko laini unaoitwa amalgamu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, na kinachobaki ni kidonge ambacho karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Kidonge huchomwa juu ya makaa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Kuchoma huku hufanyika juu ya kipande cha bati, koleo, mfuniko wa sufuria au kikaango, wakati mwingine nyumbani, katika jiko lilelile la kupikia.

Zebaki huchemka kwenye 357°C, lakini hutoa mvuke hata katika joto la kawaida la chumba. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu. Ukivutwa huingia katika damu kupitia mapafu na kudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Dalili zake ni pamoja na kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi na hasira zisizo za kawaida. Mtoto mchanga na mimba hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima.

Metali za vyombo hupokea zebaki kwa namna tofauti. Alumini huungana nayo: zebaki huvunja ngozi ya oksidi inayoikinga alumini, na metali huliwa haraka huku ikitoa unga mweupe. Hii ni sababu mojawapo ya zebaki kudhibitiwa vikali ndani ya ndege. Chuma hakiungani na zebaki, ndiyo maana kwa muda mrefu imesafirishwa katika chupa za chuma zenye kilo 34.5 kila moja. Hata hivyo karai la chuma lililotumika mwaloni si salama. Matone madogo hubaki katika kutu, mikwaruzo, maungio ya mkono na hasa ndani ya utando wa mafuta wenyewe.

Hapo ndipo kurejesha kikaango kunapogeuka hatari. Kukisugua hutawanya matone na vumbi lake, na kukipasha moto kwa saa moja ili mafuta yakauke huigeuza zebaki iliyobaki kuwa mvuke mbele ya anayefanya kazi. Zebaki iliyofunikwa na utando mpya huendelea kutoka kidogokidogo kila kikaango kinapopata moto. Sabuni, majivu, ndimu na kuchemsha haviondoi tatizo, na hakuna njia ya nyumbani ya kuthibitisha kuwa chombo kimetakata.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha uchomaji wa wazi wa amalgamu na uchomaji wake katika makazi ya watu. Rwamagasa ilikuwa eneo la Tanzania katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO miaka ya 2000. Miradi ya aina hiyo ilihimiza matumizi ya retoti, chombo kilichofungwa ambacho hunasa mvuke, huupoza na kuurudisha kuwa zebaki ya maji. Retoti rahisi hutengenezwa hata kwa bakuli za chuma za jikoni. Bakuli hizo nazo hubaki kuwa vifaa vya mgodini daima.

Vyombo vilivyowahi kugusa zebaki hutengwa na vyombo vya chakula, huwekwa alama na huhifadhiwa nje ya nyumba. Ili visije kuuzwa au kuokotwa na kurudi jikoni, hutobolewa tundu. Havifai kuuzwa kama chuma chakavu kwa mafundi wa kusubu sufuria, kwa sababu tanuri litatoa mvuke wa zebaki kwa fundi na majirani zake. Masuala ya kemikali nchini Tanzania yako chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Kuamua juu ya chombo kilichochakaa

Swali la kwanza ni historia. Kikaango, karai au sufuria iliyonunuliwa ikiwa imetumika karibu na mialo, na ambayo muuzaji hawezi kueleza ilikotoka, ni bora isitumike kwa chakula. Madoa ya rangi ya fedha au unga mweupe unaoota juu ya alumini ni dalili mbaya, lakini kukosekana kwa dalili si uthibitisho wa usalama.

Swali la pili ni metali. Sumaku hutofautisha kwa urahisi: hunasa chuma na hainasi alumini. Baadhi ya vikaango vya kiwandani huwa na bati la chuma lililobandikwa chini, kwa hiyo sumaku hujaribiwa pia ubavuni.

Swali la tatu ni utando. Chombo cha chuma chenye historia safi kinaweza kusuguliwa hadi chuma kitupu na kuanza upya hata kama kimeota kutu kote. Vikaango vya aina hiyo hurithiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Chombo cha alumini chenye PTFE husafishwa kwa magadi soda, na kama alumini imeonekana huachwa kutumika kwa kukaangia.

Utunzaji

Utando wa PTFE hudumu zaidi ukitumiwa mwiko wa mti badala ya kijiko cha chuma, moto wa wastani, na mafuta yakiwekwa kabla chombo hakijapata moto. Kumwagia maji baridi kikaango chenye moto hukikunja na kuulegeza utando. Vikaango vinapopangwa kimoja ndani ya kingine, kitambaa huwekwa kati yake. Kwa mama lishe na wapishi wengine wanaokaanga mfululizo kwa mkaa, chuma hustahimili moto mkali kuliko utando wowote wa kiwandani, na ndicho pekee kinachoweza kurejeshwa kikichakaa.